Miaka Ishirini na Tisa, Diski Tisa na Seva Moja: Bi. Tausi Faki Anastaafu

Bi. Tausi Faki aliandikwa kazi hapa Njema Feeds, Thika, tarehe 1 Septemba 1970, na anastaafu leo, Jumanne tarehe 31 Agosti 1999. Hiyo ni miaka ishirini na tisa kamili, wala siku haikupungua wala haikuzidi. Ukihesabu na Jumapili ni siku 10,592. Nimepiga hesabu mwenyewe, kwa sababu ratiba ya kwanza ya sherehe hii iliandika kwamba ametumikia "zaidi ya miaka ishirini". Mtu hafanyi kazi miaka mingine tisa halafu ikaingizwa kwenye neno "zaidi".

Nimepewa kurasa mbili za kumweleza. Nimechukua nne, na atakayelalamika aje kwangu Ruiru depo tuzungumze.

Wengi hapa wanamwita Mama Nadira, kwa jina la kifungua mimba wake. Alizaliwa Majengo, akaolewa Makongeni, na kutoka Makongeni amekuwa akija kazini kwa miguu, dakika ishirini na mbili, mvua au jua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye jukwaa la kupakulia akihesabu magunia ya mahindi na polad, yaani pumba za ngano, akipiga mstari mmoja kwa kila gunia. Walikuwa makarani wanne wa kuhesabu, na hesabu yake ndiyo iliyokuwa ikilingana na mizani. Baada ya miaka mitatu akapewa stoo ya vipuri.

Wafanyakazi wapya hawajui stoo ile ilivyokuwa chini yake, kwa hivyo nitaeleza. Sheria ilikuwa moja: leta ya zamani, upewe mpya. Unataka bearing, weka bearing iliyoisha kwenye kaunta. Unataka balbu, leta iliyoungua. Mfagiaji alitakiwa kuleta kile kishina cha ufagio kilichobaki, hata kama ni nyuzi saba tu. Mwaka 1974 meneja mkuu wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alimtuma dereva wake achukue tochi. Akaulizwa iko wapi ya zamani. Dereva akarudi mikono mitupu, meneja akaja mwenyewe amekasirika, na akarudi ofisini mwake mikono mitupu vilevile. Kesho yake alileta tochi mbovu imefungwa kwa gazeti. Akapewa mpya, akatia sahihi kwenye kadi.

Kadi ndiyo jambo lake la pili. Kila kitu kilichoingia stoo kilikuwa na kadi yake ngumu ya rangi ya maziwa: siku kilipofika, namba iliyopigwa juu yake, nani alikichukua, nini kilirudi. Wakaguzi walipokuja mwaka 1988 walichagua vitu mia moja na ishirini wavitafute. Walivipata mia moja na ishirini. Mkaguzi mkuu aliomba kuhesabu tena, akidhani amedanganywa.

Mwaka 1991 kampuni ilinunua kompyuta ya kwanza, na hakuna aliyetaka kuikaribia. Vijana wenye diploma waliogopa kuiharibu. Bi. Tausi, akiwa na miaka arobaini na saba na cheti cha darasa la nane, alichukua kile kitabu cha maelekezo, akakisoma kwa miezi mitatu wakati wa chakula cha mchana, na alipomaliza akawa ndiye chumba cha kompyuta. Daraja lake la mshahara halikusogea. Liliendelea kuwa la karani wa stoo kwa miaka saba. Hilo naliandika hapa kwa sababu sijawahi kuliona likiandikwa kwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kila mmoja wetu alijue, maana taarifa ya kampuni ya Aprili 1997 ililieleza vibaya.

Mnamo Novemba 1995 tuliwekewa seva. Kompyuta kumi na moja, kuanzia mizani ya lori mpaka kaunta ya mauzo, ziliunganishwa nayo kwa nyaya, na sisi wa Ruiru tukaunganishwa kwa laini ya simu. Mkulima akilipia gunia za dairy meal, chakula cha ng'ombe wa maziwa, kule Thika, sisi Ruiru tunaona kwenye kioo na kumpakilia. Siku sanduku zilipofika, Bi. Tausi alizifungua zote, akaandikia kila kitu kadi, mpaka ile kadi ya mtandao iliyo ndani ya seva, ambayo ndiyo mlango wa mawasiliano yote. Alinakili namba iliyopigwa kwenye chipu yake kubwa, iliyoishia na 41C. Waliotuletea mitambo walimcheka. Walisema, "Mama, hata sisi hatuangaliagi hiyo."

Januari 1996 mtandao ukaanza kulala. Mchana katikati ya kazi, kompyuta zote zinaganda kwa pamoja. Waruguru wa kaunta anapaza sauti kupitia dirisha, "Mama Nadira, imelala tena," na wakulima waliopanga foleni wanaanza kuitana majina ambayo siwezi kuandika kwenye ratiba ya sherehe. Bi. Tausi anaizima seva, anaiwasha, maisha yanaendelea. Kutoka Januari 1996 mpaka mwisho wa Februari 1997, miezi kumi na minne, ililala mara sitini na moja. Kila mara, mpaka hesabu zilizokatika katikati ziingizwe upya, tulikaa bure dakika arobaini na saba kwa wastani. Hizo ni karibu saa arobaini na nane: siku sita nzima za kazi, malori yamepanga mstari Ruiru na mimi sina cha kuwaambia.

Kampuni iliyotuuzia mitambo, ya Nairobi, ilimtuma fundi wake, Bw. Samir, kijana mstaarabu mwenye tai na mkoba wa ngozi. Samir alisema tatizo ni draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha seva kuongea na kadi ya mtandao. Alikuwa sahihi. Alikuja na diski yenye draiva mpya, akainakili kwenye seva, akaizima, akaiwasha, mtandao ukasimama wima, akanywa chai, akaenda. Baada ya siku saba hivi ukalala. Akarudi na draiva nyingine. Mara nane alikuja, mara nane alileta diski, na mara nane Bi. Tausi alibaki na ile diski akaiandikia kadi kama angeandikia mkanda wa mashine: siku ilipofika, ukubwa wa faili, na jina na namba ya kadi ya mtandao ambayo waliotengeneza draiva walisema ni yake.

Katika kuandika ndipo alipoona kitu. Fundi akileta draiva mpya, mtandao unakaa siku saba. Yeye mwenyewe akizima na kuwasha tu, bila draiva yoyote, unakaa siku saba. Alinipigia simu Ruiru, akaniambia, "Baba Wamboi, huyu kijana anasafiri kutoka Nairobi kuja kufanya kazi ya kidole changu." Nilimshauri amwambie meneja. Alisema amemwambia mara mbili.

Meneja wa shughuli, Bw. Urbanus Kaleli, yuko hapa leo na anajua ninamheshimu. Lakini ukweli ni kwamba Jumatatu tarehe 3 Machi 1997 alitoa memo. Mwaka ule wafanyakazi ishirini na watatu walikuwa wapunguzwe. Memo ilisema kwamba mtandao ukilala tena kabla ya mwisho wa Machi, chumba cha kompyuta kitafungwa, tutarudi kwenye vitabu vya kuandika kwa mkono, na Bi. Tausi Faki atakuwa mmoja wa wale ishirini na watatu, sababu ikiandikwa kuwa ni kushindwa kusimamia mitambo. Alikuwa amebakiza miaka miwili na nusu afike hamsini na mitano. Hakuogopa kupunguzwa kama alivyoogopa ile sababu. Aliniambia hivyo: "Wanitoe, lakini wasiniandikie uongo."

Alhamisi, tarehe 6 Machi, Samir akaja na diski ya tisa.

Ilikuwa saa saba kasoro mchana. Samir alinakili draiva yake kama kawaida na akanyoosha mkono aizime seva. Bi. Tausi akamzuia. Waruguru alikuwa mlangoni na sahani yake ya githeri, na ndiye aliyenisimulia neno kwa neno.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ya zamani iko wapi?"

"Ya zamani gani, Mama?"

"Umeweka draiva mpya. Nipe ile uliyotoa."

Samir akacheka vizuri tu, bila dharau. "Mama, hii si kitu ya kushika na mkono. Mpya ikiingia, ya zamani inakufa yenyewe."

"Sawa. Nionyeshe maiti."

Kijana aliangalia saa yake. Bi. Tausi akamwambia kwamba kaunta imefungwa mpaka saa nane, wana saa nzima, na yeye hajawahi kutoa kipuri kipya bila kuona cha zamani tangu mwaka 1973, na leo haanzi. Akamwomba afanye jambo moja: aiondoe kabisa ile draiva mpya mahali alipoiweka, na nyingine yoyote atakayoikuta hapo, halafu wawashe seva. Kama draiva ndiyo iliyoondolewa, kadi haitaamka na hakuna kompyuta itakayopata mtandao. Samir alisema hilo halina haja, ni wazi. Bi. Tausi akasema, kama ni wazi, itachukua dakika sita.

Waliondoa. Mahali pale hapakubaki draiva hata moja. Saa saba na dakika tano wakazima, wakawasha. Saa saba na dakika kumi na moja seva ilikuwa imeamka, na Bi. Tausi akamtuma Waruguru kaunta ajaribu kutoa delivery note, ile hati ya kumkabidhi mkulima mzigo.

Printa ikalia. Waruguru akarudi na karatasi mkononi. "Mama Nadira, imetoka. Kwani kuna shida?"

"Shida ndiyo hiyo, kwamba imetoka."

Samir aliketi juu ya boksi la karatasi za printa na kulegeza tai. Hakuna draiva, na kompyuta zote kumi na moja zinaongea na seva kama ndugu. Maana yake ni moja tu: seva haikuwa ikichota draiva pale alipokuwa akiziweka. Ilikuwa ikichota kwingine, tangu siku ya kwanza. Wakafungua faili ya maagizo ambayo seva huyasoma inapoamka, wakapita mstari kwa mstari, na huo hapo: mstari uliosema draiva ichukuliwe kwenye ile sehemu ndogo ya diski ambako mashine huanzia kuamka, kabla haijafika kwenye sehemu kubwa. Na kule ndani ilikuwa imeketi draiva ya Novemba 1995, iliyowekwa na waliofunga mitambo, haijaguswa na mtu. Draiva zote za Samir, kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa, zilikuwa zimepelekwa chumba ambacho hakuna aliyekuwa akiingia.

Bi. Tausi hakumcheka. Alitoa diski tupu, akamwambia ahamishie ile ya 1995 humo na kuifuta kwenye seva. Kisha akaiweka mezani, akaiandikia kadi, akampa Samir kalamu atie sahihi kwamba ya zamani imerudi. Samir akatia sahihi.

Kazi haikuwa imeisha. Walirekebisha ule mstari, wakaweka draiva ya tisa, wakawasha. Saa saba na dakika ishirini na sita seva ikaandika kwenye kioo kwamba kadi haijulikani. Draiva mpya kuliko zote, na haikuitambua kadi yetu hata kidogo. Kama diski hizi zingewekwa mahali pake tangu mwanzo, tungeligundua hilo siku ya kwanza. Zimebaki dakika thelathini na nne kaunta ifunguliwe. Nje, wakulima walishaanza kujipanga. Samir alitaka kuzijaribu zile nane zilizobaki, moja baada ya nyingine, lakini dakika sita mara nane ni arobaini na nane, na Bi. Tausi hakuhitaji karatasi kulijua hilo. Akavuta droo ya kadi zake. Akatoa ile ya kadi ya mtandao, yenye namba inayoishia na 41C, akailaza mezani, na kando yake akapanga kadi za diski tisa. Nane zilitaja kadi nyingine za mtandao za kiwanda kilekile. Moja, diski ya nne, ya Juni 1996, ndiyo iliyotaja 41C.

Saa saba na dakika arobaini na nne, seva ikaamka na draiva iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ile ya 1995 ilikuwa ya jumla tu: iliendesha kadi yetu kazi ikiwa ndogo, lakini mizani, kaunta na Ruiru tukiingia kwa pamoja, ilichanganyikiwa ikaacha kujibu. Saa nane kamili Waruguru alifungua dirisha la kaunta. Hakuna mkulima aliyejua kilichotokea, na githeri ilikuwa imepoa.

Hapo ndipo tulipoanza kuhesabu, na sijui mwezi mwingine tuliofurahia kazi namna ile. Kila asubuhi saa mbili nilipiga simu Thika na kuuliza neno moja, "Ngapi?" Siku ya saba ikapita. Siku ya kumi, wapakiaji wa Ruiru, ambao hawajawahi kuiona seva, walikuwa wakiniuliza kabla sijavua koti. Kukaa kwake kurefu zaidi huko nyuma kulikuwa siku kumi na tatu. Siku ya kumi na tatu ikafika, na tarehe 20 Machi, siku ya kumi na nne, stima ikapotea Thika nzima. Jenereta ilikataa kwa dakika ishirini, betri ya seva ikaisha, kila kitu kikazima.

Bw. Kaleli aliandika kwamba mtandao umelala. Bi. Tausi alienda langoni akachukua kitabu cha askari, ambamo ilikuwa imeandikwa stima imepotea saa nne na dakika arobaini na mbili, akakileta ofisini kwa meneja pamoja na fundi wa umeme. Hakubishana. Alimwomba tu aandike kando ya yale maneno yake kwamba taa za ofisi yake pia zililala. Bw. Kaleli alifikiri kidogo, akalikata lile neno kwa wino mwekundu. Namshukuru kwa hilo, na anajua kwamba ninamaanisha.

Mwisho wa Machi uliangukia Jumatatu ya Pasaka. Waliohesabu vizuri walisema siku ya sikukuu haina kazi, kwa hivyo haina ushahidi, tusubiri Jumanne. Kwa hivyo Bi. Tausi, Mwislamu, alishinda mchana kutwa wa Pasaka yetu mbele ya seva akiwa na kompyuta tatu zilizowashwa ili mtu asiseme haikufanya kazi. Jumanne saa mbili asubuhi nilimpigia simu. Nikasema, "Mama Nadira, huku Ruiru imelala." Nilisikia karatasi ya kalenda ikifunuliwa. Halafu akaniuliza, taratibu, "Baba Wamboi, leo ni tarehe ngapi?" Ilikuwa tarehe moja Aprili, siku ya wajinga, na seva ilikuwa macho. Miaka miwili sasa anasema amenisamehe, na miaka miwili sijampata akinipa hata karatasi ya kaboni bila kuniuliza ya zamani iko wapi. Ninaomba radhi hapa kwa maandishi.

Jina lake likaondolewa. Waliopunguzwa wakawa ishirini na wawili, na wao nao walikuwa na majina, na kwa hivyo siku ile hatukupiga vigelegele. Taarifa ya Aprili ilitoa picha ya uongozi ukipeana mikono na kampuni ya Nairobi, ikishukuru "wataalamu kwa kutatua hitilafu". Samir mwenyewe aliikataa ile picha. Aliandika barua, ninayo nakala yake, akisema aliyetatua ni Mama wa stoo, na kwamba tangu siku ile haendi kwa mteja yeyote kuweka draiva bila kwanza kuitoa ya zamani na kuona mashine ikikataa. Amekuja leo, yuko kiti cha tatu. Daraja la Bi. Tausi lilipandishwa Julai 1998.

Kutoka Machi 6, 1997 mpaka leo ni siku 908. Ukiacha stima, mtandao umelala mara mbili: mara moja panya alitafuna waya upande wa polad, na mara moja forklift, ile gari ya kuinulia magunia, ilipita juu yake. Draiva haijalaumiwa tena.

Bi. Tausi amenunua ploti Murera, na ng'ombe wawili wako tayari. Ameshaniambia atanunua dairy meal kwetu Ruiru, na kwamba gunia likipungua kilo atalirudisha. Ninaamini. Nimewaonya wapakiaji.

Kwa niaba ya Thika na Ruiru, asante, Mama Nadira, kwa miaka ishirini na tisa ya kazi iliyolingana na mizani. Mungu akupe afya, akupe mvua ya kutosha na maziwa mengi, na Nadira na wadogo zake wakutunze kama ulivyotutunza. Jana nilikwenda ofisi ya wafanyakazi nikaomba kuona fomu yako ya kuondoka, nikaisoma mara mbili kama ambavyo ungeisoma wewe. Penye sababu pameandikwa neno moja: umri.

Githae, msimamizi wa depo, Ruiru